Taa Isiyo na Moto

1. Mwanga wa kale

Tangu kale mtu aliyetaka mwanga usiku alikuwa na njia moja tu, nayo ni kuchoma kitu. Watu wa zamani walichoma kuni, au walishika vijinga vya moto mkononi walipotoka nyumbani kwenda kwa jirani. Baadaye wakajifunza kutia mafuta katika chombo, mafuta ya nazi au ya ufuta au ya samaki, wakachovya humo utambi wa pamba, wakauwasha. Wengine walitengeneza mishumaa kwa shahamu na kwa nta ya nyuki. Kisha yakaja mafuta ya taa, na pamoja nayo kibatari, fanusi, taa ya chemli na karabai. Vyombo hivi vyote hutofautiana kwa sura na kwa bei, lakini kazi yao ni ile ile moja: kitu chateketea ili mtu apate kuona.

Kibatari ni rahisi kutengeneza. Kopo dogo, utambi na mafuta kidogo vyatosha. Walakini kila aliyesoma kwa mwanga wa kibatari aijua taabu yake. Moshi huingia puani, na masizi hupaka dari na kuta. Mwanafunzi hana budi kuinamisha kichwa karibu na moto ili azione herufi. Upepo ukivuma, mwanga huzimika. Na kama paka akipita akakiangusha, nyumba yaweza kuungua pamoja na vyote vilivyomo. Tena mafuta ya taa yakiwekwa katika chupa hufanana na maji, na watoto wadogo wamepata kuyanywa kwa kutojua, wakadhurika sana, na wengine wakafa. Zaidi ya hayo, mafuta hununuliwa kidogo kidogo kila siku, na fedha ya mtu maskini hupotea pamoja na ule moshi.

Mwaka 1879 Thomas Edison wa Marekani alifaulu kutengeneza globu ya umeme iliyoweza kuwaka kwa saa nyingi, na Joseph Swan wa Uingereza alifanya kazi kama hiyo wakati uo huo. Ndani ya globu ile mlikuwa na uzi mwembamba. Umeme ulipopita katika uzi huo, uzi ulipata moto hata ukang'aa, wala haukuungua, kwa sababu hewa imeondolewa katika kioo. Watu walistaajabu sana, kwa kuwa hapakuwa na moshi wala utambi wala harufu. Lakini ukiiangalia vizuri kazi ya globu ile, utaona kwamba nayo ni jiko dogo. Katika kila sehemu mia za umeme uingiao ndani yake, ni sehemu kama tano tu zigeukazo mwanga wa kuonekana. Zilizobaki zote hugeuka joto. Aliyejaribu kuifungua globu ya namna hiyo ingali inawaka anajua jinsi inavyounguza vidole.

Basi siku hizi iko taa ya namna nyingine kabisa, ambayo haichomi kitu wala haihitaji uzi wa moto. Jina lake ni LED. Hizo ni herufi za mwanzo za maneno matatu ya Kiingereza, na maana yake ni diodi itoayo mwanga. Taa hii imekwisha kuenea mijini na vijijini, katika tochi, katika simu, barabarani, na juu ya mapaa yenye vibao vya kukusanya nguvu ya jua. Kwa kuwa imeenea hivyo, yafaa kila mwanafunzi ajue inavyofanya kazi, ilivyopatikana, na namna zake.

2. Jinsi inavyotoa mwanga

Moyo wa taa ya LED ni kipande cha fuwele, kidogo kama punje ya chumvi. Kipande hicho si cha shaba wala si cha kioo. Shaba hupitisha umeme kwa urahisi. Kioo na mpira huuzuia. Lakini viko vitu vilivyo katikati, ambavyo peke yake hupitisha umeme kidogo tu, lakini vikichanganywa na chembe chache za kitu kingine hubadili tabia yake. Vitu hivyo huitwa vipitishi nusu.

Katika kila kitu duniani zimo chembe ndogo mno ziitwazo elektroni, na umeme upitao katika waya ni mwendo wa chembe hizo. Wataalamu hutengeneza fuwele yenye pande mbili. Upande wa kwanza hutiwa kitu cha kuuzidishia elektroni. Upande wa pili hutiwa kitu cha kuupunguzia elektroni, hata zibaki nafasi tupu, nazo huitwa matundu. Kisha pande hizo mbili huungana. Umeme unapopitishwa, elektroni husukumwa kutoka upande wa kwanza, zikavuka mpaka, zikatumbukia katika matundu ya upande wa pili. Kila elektroni inapotumbukia hupoteza nguvu kidogo, na nguvu hiyo hutoka nje kwa namna ya mwanga.

Mfano wake ni nazi iangukayo kutoka mnazini. Nazi iliyo juu ina nguvu iliyofichika ndani yake. Ikianguka, nguvu ile hutokea kwa kishindo. Elektroni nayo ikianguka hutoa nguvu yake, ila haitoi kishindo bali mwanga. Tena nazi iangukayo kutoka mnazi mfupi hutoa kishindo kidogo, na ile ya mnazi mrefu hutoa kishindo kikubwa. Vivyo hivyo kwa elektroni: kimo cha anguko lake ndicho kiamuacho rangi ya mwanga. Anguko fupi hutoa rangi nyekundu. Anguko refu zaidi hutoa manjano, kisha kijani, na anguko refu sana hutoa buluu. Kimo hicho hutegemea fuwele yenyewe imefanywa kwa vitu gani. Kwa hiyo atakaye rangi nyingine hana budi kutafuta fuwele nyingine. Hawezi kuipata kwa kupaka rangi juu ya kioo.

Jambo moja zaidi lafaa kukumbukwa. Diodi ni kama mlango ufungukao upande mmoja tu. Umeme ukija kutoka upande ufaao, hupita, na taa huwaka. Ukija kutoka upande wa pili, mlango hufungwa, na taa hukaa kimya. Ndiyo sababu mwanafunzi aungaye taa ndogo ya LED na betri huona mara nyingine kwamba haiwaki kamwe, na akizigeuza waya tu, hapo hapo yawaka.

3. Watu walioitafuta

Taa hii haikuvumbuliwa kwa siku moja wala na mtu mmoja. Mwaka 1907 Mwingereza mmoja jina lake Henry Joseph Round alikuwa akichunguza fuwele za kaborundamu, yaani kitu kigumu kitumikacho katika mawe ya kunolea. Alipopitisha umeme katika fuwele moja aliona mwanga wa manjano. Aliandika barua fupi katika gazeti la wahandisi ili kueleza aliyoyaona, kisha habari ile ikasahauliwa.

Miaka kama 20 baadaye kijana mmoja wa Urusi, Oleg Losev, aliuona mwanga kama huo naye akauchunguza kwa uangalifu mwingi. Alitaka kujua kama mwanga ule ulitokana na joto, kama ule wa globu ya Edison. Basi alidondosha tone la kiowevu kikaukacho upesi juu ya mahali palipong'aa, akaona kwamba halikukauka upesi kuliko kawaida. Hivyo alitambua kwamba mwanga ule ulikuwa baridi. Tangu mwaka 1927 aliandika habari zake katika magazeti ya wataalamu, lakini wachache walimsikiliza. Alikufa kwa njaa mwaka 1942 katika mji wa Leningrad, ulipokuwa umezingirwa na majeshi ya Wajerumani, naye hajatimiza miaka 40.

Mwaka 1962 Nick Holonyak wa Marekani, mtoto wa mchimbaji wa makaa ya mawe, alitengeneza LED iliyotoa mwanga mwekundu wa kuonekana kwa macho. Mwaka 1972 mmoja wa wanafunzi wake, George Craford, alipata ya manjano. Taa hizo zilikuwa hafifu. Hazikuweza kumulika chumba, ila zilifaa kuwa alama tu: nukta nyekundu ya kuonyesha kwamba redio imefunguliwa, au tarakimu katika saa na katika mashine ya kuhesabia.

4. Rangi iliyokosekana

Sasa msomaji ataweza kuuliza, kama nyekundu ilipatikana mwaka 1962, kwa nini taa nyeupe za nyumbani zilichelewa hata karibu na mwisho wa karne? Jibu laonekana katika upinde wa mvua. Mwanga mweupe si rangi moja. Ni mchanganyiko wa rangi nyingi, na buluu ni mojawapo. Mtu aliye na nyekundu na kijani bila buluu hawezi kupata mwanga mweupe. Buluu, kama ilivyoelezwa, yahitaji anguko refu, na fuwele iwezayo kutoa anguko hilo ilikuwa ngumu mno kuitengeneza. Fuwele hiyo huitwa galiamu naitraidi.

Ugumu wa kwanza ulikuwa huu. Fuwele haichongwi, bali huoteshwa katika tanuri lenye joto kali, tabaka juu ya tabaka, juu ya bamba la kitu kingine. Bamba lililopatikana lilikuwa la yakuti samawi, lakini mpango wa chembe za yakuti haulingani na mpango wa chembe za galiamu naitraidi. Ni kama mwashi ajengaye kwa matofali makubwa juu ya msingi uliopangwa kwa matofali madogo: ukuta hauwezi kukaa sawa, na nyufa hutokea. Fuwele zilizopatikana zilikuwa na nyufa na mabaka, wala hazikufaa. Wataalamu wengi wakaiacha kazi hiyo, wakafuata vitu vingine.

Katika Chuo Kikuu cha Nagoya, nchini Japani, Profesa Isamu Akasaki hakuiacha. Pamoja naye alikuwako mwanafunzi wake, Hiroshi Amano, aliyerudia majaribio siku baada ya siku, na kila mara akatoa tanurini fuwele mbovu. Siku moja mwaka 1985 tanuri lenyewe lilikuwa na hitilafu, halikuweza kufikia joto lililotakiwa. Amano hakuondoka akaenda zake. Alitumia joto lile dogo kuweka kwanza juu ya yakuti tabaka jembamba la alumini naitraidi, mfano wa mkeka uwekwao chini ya godoro, kisha akaotesha fuwele yake juu ya tabaka hilo. Alipoitoa, ilikuwa safi na angavu kama kioo. Hata akadhani kwamba amesahau kutia kitu ndani.

Ugumu wa pili ulikuwa kuupata ule upande wenye matundu. Mwaka 1989 Akasaki na Amano waliupata kwa kutia chembe za magnesi katika fuwele na kuipiga kwa mwali wa elektroni. Wakati huo Mjapani mwingine, Shuji Nakamura, aliyefanya kazi katika kiwanda kidogo mjini Anan, katika kisiwa cha Shikoku, alikuwa ameanza safari yake mwenyewe. Alijitengenezea tanuri la namna mpya. Mwaka 1992 alionyesha kwamba hapana haja ya mwali wa elektroni; fuwele ikiokwa kwa joto la kufaa, hidrojeni iliyoziba nguvu za magnesi huondoka, na matundu hupatikana. Mwaka 1993 akatangaza LED ya buluu yenye mwanga mkali.

Hivyo toka nyekundu ya mwaka 1962 hata buluu ya mwaka 1993 ilipita miaka 31. Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi. Mwaka 1996 ilianza kuuzwa LED nyeupe iliyofanywa kwa werevu: kipande cha buluu kilifunikwa kwa unga wa manjano. Sehemu ya mwanga wa buluu hupenya, na sehemu nyingine hugeuzwa manjano na unga ule, na hizo mbili zikichanganyika jicho huona nyeupe. Ukitazama taa ya LED iliyozimwa, ile rangi ya manjano ionekanayo juu yake ndiyo unga huo. Mwaka 2014 Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Akasaki alikuwa na umri wa miaka 85.

5. Namna za LED

Namna zake ni nyingi, na hizi ndizo zionekanazo mara kwa mara.

Namna ya kwanza ni LED ndogo yenye miguu miwili ya waya na kichwa cha plastiki kilichoviringana. Hutumika kuwa alama katika redio, chaja na vyombo vingine. Mguu mrefu ndio wa upande chanya, na mguu mfupi ni wa upande hasi.

Namna ya pili ni LED bapa, iliyobandikwa juu ya kibao. Hii ndiyo iliyomo katika globu nyingi za nyumbani, katika taa za mirija, na katika tepe ndefu za kupambia maduka. Ukivua kifuniko cheupe cha globu mbovu ambayo imekwisha kuondolewa katika umeme, utaziona zimepangwa kwa duara, kila moja na alama yake ya manjano.

Namna ya tatu ni LED za kundi. Vipande vingi vya fuwele hukusanywa mahali pamoja na kufunikwa kwa unga mmoja wa manjano, hata vikaonekana kama jicho moja kubwa. Mwanga wake ni mkali, nazo hutumika katika taa za kumulika nyua, viwanja na majengo makubwa.

Namna ya nne ni LED za nyuzi. Vipande vidogo hupangwa katika ufito mwembamba ndani ya globu ya kioo, hata mtu akidhani aiona globu ya zamani.

Namna ya tano ni LED za rangi tatu, yaani nyekundu, kijani na buluu zilizokaa pamoja. Kwa kuongeza moja na kupunguza nyingine hupatikana karibu kila rangi. Mbao kubwa za matangazo zing'aazo mijini zimefanywa kwa maelfu ya LED za namna hii.

Namna ya sita ni LED ambazo mwanga wake hauonekani na jicho la mtu. Moja ya hizo imo katika kile chombo cha mkononi cha kubadilishia stesheni za televisheni. Anguko la elektroni zake ni fupi kuliko lile la nyekundu, na mwanga wake uko nje ya upeo wa macho.

Globu ya nyumbani ina kitu kingine ndani yake. Umeme uletwao majumbani katika nchi za Afrika ya Mashariki una volti zipatazo 230 au 240, nao hugeuza mwendo wake kwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. LED moja nyeupe hutaka volti kama 3 tu, tena za mwendo wa upande mmoja. Kwa hiyo katika kitako cha globu mmefichwa mashine ndogo ya kuupunguza umeme na kuunyosha. Mara nyingi globu inapokufa, fuwele zake zingali nzima, na kilichoharibika ni mashine hiyo.

6. Kusoma sanduku la taa

Mnunuzi asiyejua huuliza bei tu. Anayejua husoma sanduku kwanza.

Wati ni kipimo cha umeme unaoliwa na taa. Lumeni ni kipimo cha mwanga utolewao. Zamani watu walizoea kupima mwanga kwa wati, kwa kuwa globu zote zilikuwa za namna moja. Lakini sasa desturi hiyo hudanganya. Globu ya zamani ya wati 60 hutoa lumeni kama 800. LED ya wati kama 9 hutoa mwanga uo huo. Kwa hiyo yapasa kutazama lumeni kwanza, kisha wati.

Hesabu yake ni rahisi. Mtu akiwasha taa saa 5 kila usiku, globu ya wati 60 itakula 60 mara 5, yaani 300. LED ya wati 9 itakula 9 mara 5, yaani 45. Uniti moja ya umeme ni wati 1000 kwa muda wa saa moja. Basi uniti moja itaiwasha globu ya zamani siku 3 na kidogo, nayo itaiwasha LED siku 22. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena globu ya zamani huishi saa kama 1000, yaani siku 200 kwa hesabu ile ile. LED iliyofanywa vizuri huishi saa 15,000 au zaidi, yaani siku 3000, ambazo ni zaidi ya miaka 8. Bei yake hapo kwanza yaweza kuwa kubwa kidogo, lakini mwisho wake ni nafuu.

Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga. Taa ya kelvini 2700 ina mwanga wa umanjano kama wa moto wa jioni, nao wafaa sebuleni na chumba cha kulala. Taa ya kelvini 6500 ina mwanga mweupe wenye ubuluu kama wa mchana, nao wafaa mahali pa kazi. Mwanga wenye ubuluu mwingi huuamsha mwili, kwa hiyo haufai kutumiwa sana karibu na wakati wa kulala.

7. Kuitunza

Japokuwa LED haichomi kitu, si kweli kwamba haina joto kabisa. Sehemu ya umeme wake hugeuka joto, na joto hilo hukaa nyuma ya fuwele. Likikosa njia ya kutoka, fuwele hufifia na ile mashine ya kitakoni hufa mapema. Ndiyo sababu taa kubwa za LED zina mapezi ya chuma mgongoni. Globu ya LED isifungiwe katika kifuniko kisichopitisha hewa, ila ikiwa sanduku laonyesha kwamba imefanywa kwa kazi hiyo. Tena haifai kuikodolea macho taa kali kwa karibu, wala kumulika tochi machoni pa mwenzako.

Taa iliyokufa isitupwe shambani wala motoni, hasa taa ya jua, kwa kuwa betri iliyomo ndani yaweza kulipuka au kutoa moshi wa sumu. Ipelekwe mahali pakusanywapo takataka za vyombo vya umeme, kama pako. Taa za mirija za zamani zataka uangalifu zaidi, maana ndani yake mna zebaki, ambayo ni sumu. Zikivunjika mvuke wake huingia hewani. Katika LED hamna zebaki.

8. Mahali ambapo nyaya hazijafika

Faida kubwa ya taa hii haionekani katika nyumba ya tajiri aliyekuwa na umeme tangu zamani. Yaonekana katika nyumba ambayo nyaya za umeme hazijafika. Kibao kidogo cha jua hakikuweza kuwasha globu ya Edison, kwa maana globu ile ilikula umeme mwingi. Lakini LED hula kidogo, hata kibao cha ukubwa wa daftari huweza kukusanya mchana umeme wa kumtosha mwanafunzi jioni nzima. Taa ya jua isingekuwa kitu cha kununuliwa na watu wa kawaida, kama LED nyeupe isingalipatikana.

Hali ni hiyo hiyo hata ziwani. Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika huvua usiku wa giza, nao huwavuta dagaa kwa taa. Kwa miaka mingi walitumia karabai za mafuta ya taa. Mafuta yaliwagharimu sana, vioo vilivunjwa na matone ya maji, na upepo ulizima moto. Siku hizi wengi wao hutumia taa za LED zenye betri. Mtu asimamaye ufukoni usiku huona bado mstari wa taa mbali majini, kama mji uliosimama juu ya ziwa, lakini nyingi kati ya taa hizo hazina moto tena.

Basi mwanafunzi aketipo jioni mezani kwake, akabonyeza kitufe na kufungua kitabu bila moshi na bila hofu ya paka, akumbuke kwamba mwanga ule mdogo umetoka mbali. Umo ndani yake uchunguzi wa Losev aliyekufa kwa njaa, na umo ule usiku mwingi wa Amano mbele ya tanuri lililokataa kutii. Wengi walijua kwamba buluu ikipatikana nyeupe itafuata. Wachache walikubali kuingoja.

Maswali

1. Kibatari, karabai na globu ya Edison zafanana kwa jambo gani?
2. Kwa nini LED nyekundu na LED ya buluu hazifanywi kwa fuwele ya namna moja?
3. Losev alitambuaje kwamba mwanga aliouona ni baridi?
4. Unga wa manjano hufanya kazi gani katika LED nyeupe?
5. Taa moja ya wati 60 na LED moja ya wati 9 zikiwashwa saa 4 kila usiku kwa siku 30, kila moja itakula uniti ngapi?
6. Taja namna tatu za LED uzionazo mahali unapokaa, na kazi ya kila moja.